SOMO LA MWEZI: MRUSHAJI WA RATILI 120



Somo letu la mwezi huu latoka mbali, katika mchezo ambao wengi wetu hatujapata kuuona kwa macho, yaani besiboli ya Wamarekani. Tumelichagua kwa sababu moja. Mara nyingi katika mikutano ya vijana tunausikia ule usemi wa kwenye kanga, kwamba wembamba wa reli, gari moshi hupita. Kwa kawaida hutolewa kama faraja ya haraka kwa kijana mwembamba aliyeachwa nje ya timu. Nasi tumependa kuchunguza, kwa mfano wa mtu aliyeishi kweli, kama faraja hiyo yatosha. Reli ni nyembamba, lakini ni chuma. Mtu tutakayemsoma hapa hakuwa chuma.

Jina lake ni William Arthur Cummings. Alizaliwa tarehe 18 Oktoba 1848 katika mji wa Ware, jimbo la Massachusetts, na angali mtoto mdogo wazazi wake wakahamia Brooklyn, jirani na New York. Alipokuwa mtu mzima alikuwa na urefu wa futi 5 na inchi 9, ambao si ufupi hata kidogo, lakini uzito wake ulikuwa ratili 120 tu, kama kilo 54 hivi. Mfuko wa saruji una kilo 50. Msomaji aliyewahi kubeba mfuko wa saruji begani ataelewa kwamba alikuwa anabeba karibu Cummings mzima. Wenzake walimpa jina la Candy, maana yake peremende, na siku zile neno hilo lilitumika mitaani kukisifu kitu kilicho bora kuliko vingine. Lilikuwa jina la heshima, si la dhihaka.

Mchezo wenyewe

Kwa wasioujua mchezo huu, tueleze kwa kifupi. Katika besiboli mrushaji husimama katikati ya uwanja na kumrushia mpigaji mpira. Mpigaji ana gongo la mti, na kazi yake ni kuupiga mpira huo uende mbali, apate nafasi ya kukimbia. Nyuma ya mpigaji yuko mdakaji, anayeupokea mpira uliopita bila kupigwa. Anayejua kriketi asidhani kwamba ameshaelewa, maana huku mpira haudundi chini kwanza. Huruka hewani moja kwa moja mpaka kwa mpigaji. Mpira ni mgumu, umefungwa kwa ngozi iliyoshonwa, na mshono wake umetuna kidogo juu ya ngozi. Mshono huo tutaurudia.

Siku hizi mrushaji hutupa mpira kwa nguvu zote, mkono ukitoka juu ya bega. Siku za Cummings haikuwa hivyo. Sheria ilimtaka arushe kutoka chini, mkono ukipita karibu na nyonga kama mtu anayemwaga maji ya ndoo, na umbali kati yake na mpigaji ulikuwa futi 45. Kufyatua mpira au kuutupa kwa mkono uliokunjwa kulikatazwa. Waliotunga sheria walitaka mrushaji awe mtumishi wa mpigaji, ampelekee mpira unaopigika. Kuanzia mwaka 1871 mpigaji aliruhusiwa hata kuagiza kama anautaka mpira wa juu au wa chini, kama mtu anavyoagiza chai hotelini.

Jambo hili ndilo ufunguo wa somo letu lote. Mahali ambapo nguvu ya bega imefungwa kwa sheria, mtu mnene na mtu mwembamba hukaribiana sana. Cummings alizaliwa wakati mlango huo ungali wazi.

Maganda ya chaza

Habari za mwanzo twazipata kwa Cummings mwenyewe, aliyeziandika mwaka 1908 katika gazeti la michezo la huko kwao. Alisema kwamba mwaka 1863, akiwa na umri wa miaka 14, alikuwa pwani pamoja na wavulana wenzake wakirusha maganda ya chaza baharini. Ganda likirushwa kwa ubapa wake hupinda, mara kuume, mara kushoto. Watoto wote wa pwani wanalijua jambo hilo. Wenzake walifurahi na kuendelea kurusha. Yeye akajiuliza, je, mpira nao hauwezi kupindishwa namna hiyo?

Hapa tunaomba ruhusa ya kusimama kidogo, maana kijana huyu alikuwa amekosea, na kosa lake likamfikisha mahali pazuri. Ganda hupinda kwa sababu ya umbo lake, kama sahani inavyopaa ikitupwa. Mpira ni mviringo kila upande, hauna ubapa wa kushikwa na hewa. Ukirushwa bila kuzungushwa, hauna sababu ya kufuata mfano wa ganda. Mpira hupinda kwa sababu nyingine kabisa, nayo ni kuzunguka kwake. Cummings hakulijua hilo. Aliliona jambo moja, akadhani ni lingine, akatafuta kwa mikono mpaka akalipata lile la pili.

Alitafuta kwa miaka minne. Aliushika mpira hivi, akaushika vile, akiwa nyumbani na akiwa shule ya bweni. Wenzake walimcheka, nalo si ajabu. Mtu anayesema mpira utapinda njiani wenyewe, bila upepo na bila kugusa kitu, anastahili kuchekwa mpaka aonyeshe.

Kwa maelezo yake, alifaulu mwaka 1867, akiwa na umri wa miaka 18, katika mchezo kati ya klabu yake ya Excelsior ya Brooklyn na wanafunzi wa Harvard, mjini Cambridge. Aliona wapigaji waliokuwa hodari wakipiga hewa. Gongo lilipita hapa, na mpira ulipita pale. Asema kwamba alijawa na furaha iliyomfanya atake kupiga kelele, lakini akanyamaza, kwa kuwa alitaka siri ibaki yake.

Siri ilikuwa wapi?

Siri ilikuwa katika kifundo cha mkono. Kwa kuwa sheria ilimnyima bega na kumnyima kiwiko, kilichobaki ni kile kifundo na vidole. Aliubana mpira kwa vidole, na wakati wa kuuachia akakipindua kifundo ghafula, mpira ukatoka huku unazunguka kwa kasi.

Mpira unaozunguka huburuta hewa inayougusa, na ule mshono uliotuna husaidia kuishika hewa hiyo. Upande mmoja wa mpira huenda pamoja na hewa inayopita, upande wa pili hushindana nayo. Matokeo yake ni kwamba hewa iliyo nyuma ya mpira husukumwa upande mmoja, na mpira nao husukumwa upande ulio kinyume. Anayetaka kukumbuka kwa urahisi ashike hivi: mpira hupinda kuelekea kule ambako uso wake wa mbele unazungukia. Isaac Newton aliandika juu ya kupinda kwa mpira wa tenisi tangu mwaka 1672, naye Mjerumani Heinrich Gustav Magnus akalichunguza jambo hili katika miaka ya 1850, na ndiye ambaye wataalamu wameliita kwa jina lake. Hatuna sababu ya kudhani kwamba kijana wa Brooklyn alikuwa amewasoma hao wawili.

Vijana wanaweza kujaribu wenyewe kwa mpira mwepesi wa plastiki. Uzungushe sana wakati wa kuuachia, utauona unakwenda pembeni kabla ya kuanguka. Mpira mwepesi hupinda zaidi kwa sababu hewa yaweza kuuhamisha kwa urahisi. Ule wa besiboli una uzito wa aunsi 5 na kidogo, kama gramu 145 hivi, kwa hiyo wahitaji kuzungushwa kwa ustadi kweli.

Msomaji asishangae akisikia kwamba watu wenye elimu waliukataa ukweli huu kwa muda mrefu. Walisema ni macho yanayodanganywa. Mwaka 1877, huko Cincinnati, zilisimamishwa nguzo, na warushaji wakaupitisha mpira upande mmoja wa nguzo ya kwanza na upande wa pili wa nguzo iliyofuata, mbele ya watu. Hata hivyo ubishi uliendelea mpaka karne iliyofuata. Mwaka 1959 mwanasayansi Lyman Briggs, aliyekuwa zamani mkurugenzi wa ofisi ya vipimo ya serikali ya Marekani, alipima na kuona kwamba mpira waweza kuhama kiasi cha inchi 17 na nusu katika safari yake mpaka kwa mpigaji. Gongo la siku za Cummings halikuruhusiwa kuzidi unene wa inchi 2 na nusu. Ukihama hata robo ya kipimo cha Briggs, mpigaji ameukosa.

Je, alivunja sheria?

Tumesema kwamba kufyatua mpira kulikatazwa. Sasa kukipindua kifundo cha mkono wakati wa kuuachia si kufyatua? Swali hili hatupendi kulipita kimyakimya, ingawa wengi wanaomsifu Cummings hulipita. Mwamuzi aliutazama mkono mzima kama umeshuka sawasawa na kama miguu imekaa chini. Kifundo hakikuonekana vema, hasa kikienda upesi. Mwaka 1872 sheria ililegezwa, na kifundo kikaruhusiwa kufanya kazi yake mradi mkono usipande juu ya nyonga. Basi kuanzia mwaka huo hakuna lawama. Miaka mitano ya kabla yake, kati ya 1867 na 1872, tunadhani alikuwa anatembea juu ya mstari wenyewe, mguu mmoja huku na mwingine kule. Hatumhukumu. Lakini anayemsimulia kwa watoto kama mfano wa kuigwa aliseme na hili pia.

Miaka ya kulipwa

Mwaka 1871 ulianzishwa umoja wa kwanza wa timu za wachezaji wanaolipwa. Cummings aliingia mwaka uliofuata, katika timu ya Mutual ya New York. Timu hiyo ilishinda michezo 34 mwaka huo, na katika 33 mrushaji aliyeandikiwa ushindi alikuwa yeye. Siku zile timu ilikuwa na mrushaji mmoja, naye alirusha kutoka mwanzo hadi mwisho, leo na kesho kutwa na mtondo. Fikirini mtu wa kilo 54 akifanya kazi hiyo mwaka baada ya mwaka. Mwaka 1873 alikuwa Baltimore, 1874 Philadelphia, 1875 Hartford, ambako alishinda michezo 35 na kushindwa 12. Kila mahali alikuwa miongoni mwa warushaji bora wa nchi.

Mtu mwingine hatuna budi kumtaja, Nat Hicks, aliyekuwa mdakaji wake New York na baadaye Philadelphia. Wadakaji wengi wa wakati ule walisimama mbali nyuma ya mpigaji, wakaungoja mpira udunde mara moja. Lakini mpira uliopinda haukuwajia walipoungoja. Basi Hicks akasogea karibu, akasimama mgongoni kwa mpigaji, bila glovu wala kinga ya uso, akaudaka kwa mikono mitupu. Vidole na uso wake viliumizwa mara nyingi. Kitambaa kilichofungwa vidoleni mwa Hicks hakitajwi sana katika sifa za Cummings, nasi twaona si haki, kwa sababu ufundi wa mmoja haukuwa na faida yoyote pasipo mikono ya mwenziwe.

Siku yake kubwa ilikuwa tarehe 9 Septemba 1876, mwaka wa kwanza wa ile Ligi ya Taifa ambayo bado ipo. Akiwa na Hartford, alirusha michezo miwili kamili dhidi ya Cincinnati kwa siku moja, akashinda yote miwili, 14 kwa 4 na 8 kwa 4. Hakuna aliyekuwa amefanya hivyo katika ligi hiyo kabla yake.

Lakini anayesoma habari za mwaka huo kwa makini ataona kitu kingine. Katika timu ileile alikuwapo kijana Tommy Bond, mzaliwa wa Ireland, mwenye mwili mzito zaidi, ambaye alijifunza kuupindisha mpira kwa Cummings mwenyewe. Mwaka 1876 Bond alishinda michezo 31, na mwalimu wake 16. Mwaka uliofuata Bond alikwenda Boston na kushinda michezo 40, kisha 40 tena, kisha 43. Cummings alikwenda Cincinnati, akashinda 5 na kushindwa 14. Mwili haukuwa tena na kitu cha kutoa. Alikuwa na umri wa miaka 28, na kazi yake katika ligi kubwa ikaisha hapo. Hesabu yake yote ya miaka sita ni michezo 145 aliyoshinda na 94 aliyoshindwa.

Hapa ndipo faraja ya kanga inapotushinda. Wepesi wa Cummings haukumsaidia kurusha. Ulimsukuma kutafuta njia ambayo wenye nguvu hawakuwa na haja ya kuitafuta, na alipoipata, wenye nguvu wakajifunza kwake kwa muda mfupi wakampita. Kisha sheria nazo zikageuka. Mwaka 1884 Ligi ya Taifa iliruhusu kurusha mkono ukiwa juu ya bega, na tangu mwaka 1893 umbali umekuwa futi 60 na inchi 6. Katika mchezo huo mpya, mtu wa ratili 120 angepata taabu sana kupewa nafasi ya kurusha. Ule mlango uliokuwa wazi ulifungwa, tena si kwa ubaya wa mtu yeyote.

Baada ya uwanja

Alijifunza kazi ya kupaka rangi nyumba na kubandika karatasi za ukutani, akafungua duka lake katika mji mdogo wa Athol, Massachusetts, na akaishi kwa kazi hiyo miaka mingi kuliko alivyoishi kwa mpira. Hakupata malipo yoyote kila mara mwingine alipoupindisha mpira, maana haiwezekani kuiandikishia serikalini haki ya kukipindua kifundo cha mkono. Alifariki Toledo, Ohio, tarehe 16 Mei 1924, akazikwa Ware alikozaliwa.

Ubishi juu ya nani alianza haujazimika. Fred Goldsmith alidai mpaka kufa kwake mwaka 1939 kwamba yeye ndiye aliyeuonyesha mpira uliopinda hadharani, huko Brooklyn mwaka 1870. Wapo na wengine waliotajwa, hata wa vyuoni. Upande wa Cummings alisimama Henry Chadwick, mwandishi mzaliwa wa Uingereza aliyeheshimiwa sana katika mchezo huo. Sisi twaelekea upande wa Cummings, lakini twakiri kwamba habari za ganda la chaza na za Harvard zategemea sana kumbukumbu ya mwenye habari, aliyeziandika baada ya miaka 40 na zaidi. Pengine watu kadhaa walikipindua kifundo kwa nyakati mbalimbali, na ni mmoja tu aliyefanya hivyo kwa kujua anachokitafuta.

Mwaka huohuo wa 1939 Cummings aliingizwa katika Jumba la Mashujaa wa besiboli huko Cooperstown. Kibao chake cha shaba chamsifu kwa kuupindisha mpira wa kwanza, kisha chasema kwamba mwaka 1867 alikuwa mchezaji wa Stars ya Brooklyn, na kwamba kazi yake iliisha Hartford mwaka 1876. Yote mawili si sawa. Mwaka 1867 alikuwa na Excelsior, na mwaka wake wa mwisho ulikuwa 1877, ule mwaka mchungu wa Cincinnati, ambao waandishi wa kibao waliuacha.

Kwa vikundi vitakavyolisoma somo hili pamoja, twapendekeza mzungumze kwanza juu ya Hicks na vidole vyake, kisha juu ya ile miaka mitano kabla ya 1872. Kama ninyi mngalikuwa waamuzi uwanjani, nanyi mmekiona kile kifundo kikipinduka, mngalipiga filimbi?